Programu inasema nina hisa 4,300, dalali anasema 2,500: nifute zipi?

*"Natumia GnuCash kwenye kompyuta kufuatilia hisa zangu za CRDB na NMB, pamoja na vipande vya Mfuko wa Umoja. Mwaka 2024 kila nilichonunua nilikiandika kwa mkono siku ileile niliyotuma pesa. Hivi karibuni dalali wangu alinitumia faili la CSV lenye miamala yangu hadi mwisho wa Septemba 2024: hisa za CRDB 1,000 za Mei na 800 za Agosti, 100 za NMB za Septemba, na gawio. Nikaliingiza lote, nikachagua akaunti yangu ya benki kuwa ndiyo ya kuingizia. Sasa programu inaonyesha nina hisa 4,300 za CRDB, wakati dalali anasema ni 2,500. NMB zimejitokeza mara mbili kwa majina tofauti, hisa 100 kila moja, na ninazo 100 tu. Gawio nalo limejirudia. Salio la benki kwenye programu ni pungufu ya stetimenti kwa shilingi 1,370,000. Nilijaribu kufuta ingizo langu la Mei (la tarehe 10, shilingi 491,000; kwa dalali ni tarehe 14, shilingi 480,000), hisa zikapungua vizuri, lakini salio la benki la mwisho wa Mei likazidi stetimenti kwa shilingi 11,000. Nikaogopa nikaliandika tena. Kwenye Umoja pia naona shilingi 200,000 mara mbili ndani ya Machi 2025. Nifute yote niliyoandika kwa mkono? Au nianze faili jipya?"*

Ndugu msomaji, kwanza tulia: hisa zako zipo salama. Idadi halali ni ile iliyo kwenye akaunti yako ya CDS, yaani kumbukumbu ya kielektroniki ya umiliki wa hisa zako, na hakuna unachoweza kufuta au kuongeza kwenye GnuCash kikaigusa. Kilichoharibika ni daftari lako, na kwa takwimu ulizotoa linarekebishika lote, hadi shilingi ya mwisho. Usianze faili jipya. Na tafadhali usifute yote uliyoandika kwa mkono, maana utapoteza hisa 700 ambazo faili la dalali halina. Nitakuonyesha ninavyojua hilo.

Watu wengi hudhani ingizo lililojirudia ni mstari mmoja wa ziada, ukiufuta umemaliza. Kwenye programu zinazotumia mfumo wa pande mbili, na GnuCash ni mojawapo, kila muamala una angalau miguu miwili. Ukinunua hisa, mguu mmoja unaongeza hisa na mwingine unapunguza benki. Ukiufuta muamala, miguu yote miwili inaondoka pamoja. Ndiyo maana ulipofuta ingizo la Mei hisa zilikaa sawa lakini benki ikayumba: ulifuta lile lenye mguu sahihi wa benki, ukabakiza lile lenye mguu usio sahihi.

Tulitazame ingizo hilo la Mei kwa karibu, maana mengine yote yamefuata mtindo wake. Tarehe 10 Mei ulituma shilingi 491,000 kwa dalali. Ukaandika: hisa 1,000, jumla 491,000. GnuCash ikishapata idadi na jumla hukokotoa bei yenyewe, ikaandika shilingi 491 kwa hisa. Sokoni hisa hazikununuliwa kwa 491. Dalali alizinunua tarehe 14 Mei kwa shilingi 480, yaani 480,000, na zile 11,000 zilikuwa ada zake na za soko. Faili lake likaleta tarehe 14 Mei, hisa 1,000, bei 480, jumla 480,000. Kwa macho yako ni manunuzi mamoja. Kwa programu ni miamala miwili yenye tarehe tofauti na kiasi tofauti.

Unaweza kuuliza mbona programu haikushtuka. Wakati wa kuingiza faili, GnuCash hulinganisha kila mstari na yaliyomo tayari kwenye akaunti uliyoichagua na kuupa alama. Kiasi kikiwa sawa alama zinapanda. Tarehe zikikaribiana ndani ya siku 4 zinapanda pia, na zikipishana zaidi ya siku 14 zinashuka. Wewe ulichagua akaunti ya benki, kwa hiyo kilicholinganishwa ni shilingi: 491,000 dhidi ya 480,000. Tofauti hiyo ilitosha kuifanya iamini ni muamala mpya. Mabenki na madalali wa Marekani hutoa mafaili ya OFX ambayo kila muamala una namba yake ya utambulisho, na GnuCash hukataa namba iliyokwisha kuiona. CSV haina kinga hiyo. Ni jedwali tupu la tarehe, maelezo na kiasi.

Kwa sababu hiyohiyo usitafute kitufe cha kufuta nakala zote kwa mkupuo. Hakipo, na kukosekana kwake ni heri kwako. Programu haina njia ya kujua kama 491,000 na 480,000 ni kitu kimoja, wala kama zile 200,000 mbili za Umoja ni vitu viwili. Wewe unayo njia, kwa sababu unaweza kupata karatasi za nje.

Basi kabla ya kugusa chochote, tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni taarifa ya akaunti yako ya CDS inayoonyesha kila muamala wa CRDB na NMB, si salio la mwisho peke yake. Mwombe dalali. Cha pili ni taarifa ya UTT AMIS, wasimamizi wa Mfuko wa Umoja, yenye tarehe, bei ya kipande na idadi ya vipande kwa kila manunuzi. Cha tatu ni stetimenti za benki kuanzia Mei 2024.

Kisha fanya nakala ya faili lako. Nenda File, halafu Save As, lipe jina jingine, na fanya kazi yote kwenye nakala. Hili usiliruke. GnuCash haina amri ya kurudisha ulichofuta baada ya kubonyeza Enter. Ukiwa umehifadhi kwa muundo wa XML, ambao ndio wa kawaida, kila unapohifadhi programu huacha nakala ya zamani yenye tarehe na saa kwenye folda ileile, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma kwa shida kidogo. Ukiwa umetumia SQLite, kila badiliko huandikwa papo hapo na nakala hizo hazitengenezwi. Hapo usalama wako wote uko kwenye nakala uliyoifanya mwenyewe.

Sasa kanuni inayoongoza usafishaji wa namna hii: anza na idadi ya hisa au vipande, shilingi zifuate baadaye. Shilingi zinaweza kutofautiana kwa ada, kodi ya zuio au kukadiria desimali, zikakupotosha. Idadi ya hisa haina ujanja. Fungua akaunti ya CRDB, angalia safu ya salio, na uilinganishe na taarifa ya CDS mwisho wa kila mwezi uliofanya muamala. Utaona zinaachana Mei, zinaachana zaidi Agosti, halafu hakuna mwachano mpya. Ziada yako ni hisa 1,800. Hiyo ni 1,000 ya Mei na 800 ya Agosti. Kama kweli unazo 2,500, basi kuna 700 nyingine ulizonunua baada ya Septemba. Hizo zimeandikwa mara moja tu, kwa mkono wako, kwa kuwa faili la dalali liliishia Septemba. Ungefuta yote ya mkono ungebaki na hisa 1,800 na mkanganyiko mpya.

Hatua inayofuata ni kuamua lipi libaki. Katika kila jozi mimi ningebakiza lile lako la mkono na kulirekebisha kwa taarifa za dalali. Sababu ni mguu wa benki. Lako lina tarehe na kiasi halisi kilichotoka benki, na ukiwa umekwisha kufanya usuluhishi wa benki kwa mwezi huo, yaani kulinganisha daftari na stetimenti mstari kwa mstari, mguu huo tayari una alama. Ukilifuta unavunja usuluhishi wa mwezi mzima. La dalali lina jambo moja zuri, bei sahihi ya soko, na bei ni rahisi kuihamisha.

Fungua ingizo la 10 Mei na ubonyeze Split ili uone mistari yote. Kwenye mstari wa CRDB acha hisa 1,000, badilisha bei iwe 480. Hapa programu itaona kuwa idadi, bei na jumla havipatani, itakuuliza ikokotoe upya kipi. Chagua jumla, iwe 480,000. Ukichagua hisa, itakupa hisa 1,022.9167 na utakuwa umejitengenezea tatizo jingine. Ongeza mstari wa matumizi uitwao Ada za dalali, 11,000. Mstari wa benki uache kama ulivyo, 491,000. Mistari miwili ya juu ikijumlishwa inalingana na wa benki, muamala umekaa. Kwa kuwa hili la Mei ulilifuta ukaliandika upya, mguu wake wa benki umepoteza ile alama ya kusuluhishwa. Utaiweka tena utakaposuluhisha Mei. Kwenye mengine programu inaweza kukuonya kwamba unabadilisha muamala uliosuluhishwa. Endelea tu, mradi mstari wa benki hujaugusa.

Wengine hupenda ada ziingie kwenye gharama ya hisa badala ya kuwa matumizi ya pembeni. Si kosa. Ripoti ya Advanced Portfolio ina chaguo la kuhesabu ada za dalali ndani ya gharama hata kama umeziandika kwenye mstari wake, kwa hiyo ukizitenganisha hupotezi kitu. Ukizichanganya kwenye bei, hutajua tena ulilipa ada kiasi gani.

Baada ya hapo nenda kwenye ingizo la dalali la 14 Mei. Usilifute, libatilishe. Kwenye menyu ya Transaction kuna Void Transaction. Itakuomba sababu, andika "nakala ya 10 Mei". Kiasi na hisa vinakuwa sifuri lakini mstari unabaki unaonekana, na ukigundua umekosea kuna amri ya kuurudisha kama ulivyokuwa. Watu hupenda kufuta kwa sababu daftari linaonekana safi zaidi. Nakushauri ukae na mistari hiyo iliyobatilishwa angalau mpaka usuluhishe benki hadi mwezi wa sasa. Ukiridhika, unaweza kuifuta kwa amani.

Kwa Agosti ni vilevile. Tuseme ulituma 450,100 tarehe 6 na dalali akanunua hisa 800 kwa 550 tarehe 9, yaani 440,000 na ada 10,100. Kwenye ingizo lako utakuta bei ya 562.625, na hiyo ni dalili nzuri ya kukumbuka kwa siku zijazo: hisa zilizonunuliwa kwa bei yenye desimali za ajabu, na iliyo juu ya bei ya soko kwa asilimia mbili na kitu, karibu kila mara ni bei iliyomezwa na ada. Manunuzi yako ya mwisho, zile hisa 700, yana ugonjwa huohuo ingawa hayajajirudia. Tafuta hati ya manunuzi ya dalali, tenganisha bei na ada. Hapo huna cha kubatilisha.

Gawio lina umbo tofauti kidogo. Tuseme lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, na wakati daftari la wanahisa linafungwa ulikuwa na hisa 1,000. Gawio ghafi ni 50,000. Kwa kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam kodi ya zuio ni asilimia 5, kwa hiyo 2,500 ilikatwa kabla, na benki ikapokea 47,500. Wewe uliandika 47,500 kutoka kwenye stetimenti, na faili la dalali likaleta 50,000. Programu sasa inaamini umepata 97,500. Batilisha la 50,000, kisha fungua lako uliweke sawa: mapato ya gawio 50,000, kodi ya zuio 2,500, benki 47,500. Ukiacha mapato yakiwa 47,500 tu daftari litalingana na benki, lakini ukija kulinganisha na hati ya gawio mwisho wa mwaka hutaelewa tofauti imetoka wapi.

NMB ndiyo yenye kuchosha, kwa sababu kuna tabaka mbili. Ulipoingiza faili, jina la dalali halikufanana na lako, ikafunguliwa dhamana ya pili (yaani hisa ya pili kwenye orodha ya programu) na akaunti ya pili. Kwa GnuCash dhamana hutambulishwa kwa kundi lake na alama yake pamoja. NMB iliyo kwenye kundi la DSE na NMB Bank Plc iliyo kwenye kundi jingine ni vitu viwili kabisa, kama ilivyo shilingi na dola, na haina amri ya kuziunganisha. Kwako ni muamala mmoja tu, hisa 100, kwa hiyo usihangaike kuhamisha. Rekebisha ingizo lako kwenye akaunti ya zamani kwa bei na ada sahihi. Kisha, kwenye ile akaunti ya pili, hapa futa moja kwa moja badala ya kubatilisha, maana lengo ni kuiondoa akaunti yote. Akaunti ikishakuwa tupu ifute. Ndipo uende Tools, Security Editor, uifute na dhamana yenyewe. Ukianza na dhamana programu itakataa, itasema bado kuna akaunti inayoitumia, na watu wengi hukwama hapo wakidhani faili limeharibika. Itakuonya pia kwamba dhamana ina bei zilizohifadhiwa, kubali ziondoke.

Sasa angalia kama hesabu inafunga. Faili la dalali lilitoa benki mara ya pili 480,000 za Mei, 440,000 za Agosti na, tuseme bei ilikuwa 5,000, shilingi 500,000 za NMB za Septemba. Jumla 1,420,000. Likaingiza gawio la 50,000 lisilokuwepo. Ukitoa, unapata 1,370,000, ileile uliyoitaja. Hakuna ingizo la tano lililojificha. Takwimu zako za Agosti na NMB zinaweza kupishana kidogo na hizi nilizoweka, lakini jumla lazima ifike 1,370,000. Isipofika, kuna jozi ambayo bado hujaiona.

Ukienda kwa mpangilio wa tarehe, pengo la benki litapita hivi: kutoka 1,370,000 hadi 890,000 baada ya Mei. Baada ya gawio litapanda hadi 940,000. Hapo ndipo watu husimama wakidhani wamekosea. Hujakosea, umeondoa pesa ya uongo iliyokuwa inaficha sehemu ya pengo. Agosti italishusha hadi 500,000, na NMB italimaliza. Kila baada ya jozi moja andika namba mbili kwenye karatasi, salio la hisa na salio la benki, uone kama zimesogea ulivyotarajia. Zikisogea vinginevyo, simama hapohapo.

Kuhusu Umoja, acha mikono. Shilingi 200,000 mbili ndani ya mwezi mmoja si lazima ziwe nakala. Huenda ulichelewa kuweka za Februari, ukaweka mbili Machi. Kipimo chake kiko kwenye vipande. Bei ya kipande hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo pesa ileile ikiwekwa siku tofauti hutoa vipande tofauti. Kwa mfano, 200,000 kwa bei ya 1,042.50 hutoa vipande 191.8465. Wiki tatu baadaye, bei ikiwa 1,047.20, hutoa 190.9855. Maingizo mawili yakitofautiana kwenye vipande, tena kila moja likaonekana kwenye taarifa ya UTT AMIS, ni manunuzi mawili halali. Yakifanana hadi desimali ya nne ilhali tarehe ni tofauti, yatilie shaka: mara nyingi moja lina tarehe ya kutuma pesa na jingine tarehe ya kupewa vipande. Taarifa ya UTT AMIS ndiyo itakayoamua.

Na ukiona vipande vya Umoja vimepishana na taarifa kwa 0.01 au 0.003, hiyo si nakala. Kagua kwenye Security Editor sehemu ndogo kabisa iliyoruhusiwa kwa mfuko huo. Ikiwa ni 1/100 programu inakata desimali mbili za mwisho kila unaponunua. Iweke 1/10000, kisha sahihisha vipande vya kila manunuzi kutoka kwenye taarifa.

Kuna takataka moja inayobaki hata baada ya kila kitu kulingana. GnuCash huhifadhi bei za miamala kwenye hazina yake ya bei, na ukirekebisha au kubatilisha muamala bei ya zamani inaweza kubaki. Nenda Tools, Price Database, tafuta CRDB, uangalie kama zile 491 na 562.625 bado zipo. Zifute. Kufuta bei hapo hakugusi hisa wala benki. Kunasafisha tu grafu na ripoti za thamani ya tarehe hizo.

Umeuliza kama ni bora kuanza faili jipya. Kuna hali ambazo ningekubali: mtu mwenye miaka mitano ya mafaili yaliyoingizwa mara mbilimbili, bila usuluhishi wa benki hata wa mwezi mmoja. Huyo afunge faili la zamani, alihifadhi kwa kumbukumbu, aanze jipya kwa salio la kuanzia linalotoka kwenye taarifa ya CDS na ya UTT AMIS, akiandika gharama halisi ya kila dhamana na si thamani yake ya leo. Anachopoteza ni historia ya faida na gawio la nyuma. Wewe una jozi nne. Ni kazi ya jioni moja, na historia yako inabaki.

Ili lisijirudie, ongeza akaunti moja ya kupitishia, uiite Fedha kwa dalali, chini ya mali. Pesa ikitoka benki andika imeenda huko, 491,000. Dalali akinunua, hisa 480,000 na ada 11,000 zinatoka huko. Gawio kama dalali analipitisha kwake nalo lipite hapo. Kuanzia sasa mafaili ya benki yaingize kwenye akaunti ya benki, na ya dalali kwenye hii ya kupitishia, kamwe si ya benki. Mambo yakiwa sawa salio lake ni sifuri, au kiasi halisi ambacho dalali anakushikia. Ukiingiza faili mara mbili litakwenda hasi papo hapo, na utaliona kabla hujaendelea. Fanya hivyohivyo kwa UTT AMIS kama unaweka kila mwezi, maana kati ya kutuma pesa na kupata vipande kuna siku kadhaa. Na wakati wa kuingiza faili usibonyeze tu hadi mwisho: kwenye jedwali la ulinganisho, kila mstari wenye alama ya A utaongezwa kama muamala mpya. Pitia mmoja mmoja, na ule unaoujua ondoa alama hiyo.

Yapo mambo ambayo hayatatuliwi kwenye kompyuta. Ikiwa taarifa ya CDS yenyewe haina zile hisa 700, au inaonyesha pungufu ya ulizolipia, acha programu kabisa. Nenda kwa dalali ana kwa ana na kitambulisho, hati za manunuzi na stetimenti ya benki, na uombe majibu kwa maandishi. Usiposikilizwa, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ndiyo inayowasimamia madalali. Kama hisa ni za kikundi, za mirathi au zimo kwenye hesabu za biashara yako, mwonyeshe mhasibu kabla ya kubatilisha chochote, kwa sababu huenda kuna taarifa zilizokwisha kutolewa kwa kutumia takwimu hizo. Na ukitafuta mtu wa kukusaidia na GnuCash, kaa naye mbele ya kompyuta yako. Usimtumie faili, kwa kuwa lina namba za akaunti zako na kila shilingi uliyowahi kuipitisha.